Lenzi moja ya kusafiria: piga hesabu ya mlango na ya simba kabla hujaenda dukani

Wakuu, likizo zikikaribia swali linarudi lile lile, nina kamera, nasafiri, nataka lenzi moja tu ya kubeba, nichukue ipi. Na majibu karibu yote yanakuja kwa namba, mmoja anasema chukua 18-300 umemaliza (hizo ni milimita za lenzi, ndogo inaona pana, kubwa inavuta vya mbali), mwingine anasema 24-105 ndo baba lao, wa tatu anakwambia achana na zumu kabisa, yaani lenzi za kuvuta, nunua 50 isiyovuta ujifunze kutembea kwa miguu. Unakuta hamna hata mmoja aliyeuliza unaenda wapi, unapenda kupiga nini na bodi yako, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni ipi, na bila hayo matatu jibu lolote ni la kubahatisha tu. Mimi nataka nikuonyeshe njia ya kulifikia jibu lako mwenyewe, na msimamo wangu nausema mapema ili tusisumbuane baadae: kwa safari nyingi za huku kwetu angalia kwanza upana, kisha mwanga, urefu uje mwisho. Wengi wanaanza na urefu kwa sababu ndo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na muuzaji anaipenda sana hiyo namba.

Anza na bodi uliyonayo. Kamera nyingi zilizopo mikononi mwa watu ni za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), Canon 700D, 2000D, 250D, R50, R10, Nikon D3500, D5600, Z50, Sony a6000 mpaka a6700, na Fujifilm za familia ya X. Fulufremu ni zile zenye sensa ya milimita 36 kwa 24, kama Canon 6D na R6, Nikon D750 na Z6, Sony a7 na ndugu zake. Nasisitiza hapa kwa sababu lenzi ile ile ukiihamisha kutoka bodi moja kwenda nyingine picha inabanwa au inatanuka. Kwenye sensa ndogo zidisha namba ya lenzi mara 1.5, kwa Canon mara 1.6, hapo unapata inachoona ukilinganisha na fulufremu. Kwa hiyo ile 18-55 iliyokuja na Canon yako kwenye boksi inaona kama 29-88. Na ile 24-105 inayosifiwa kila kona, ambayo kwenye fulufremu ni lenzi nzuri kwelikweli, ukiifunga kwenye 250D inakuwa 38-168, yaani upana umeshapotea kabla hujatoka nyumbani. Mtu ameuza simu yake ya zamani na kuongezea hela akanunue lenzi yenye mstari mwekundu, zile Canon za daraja la juu, alafu anafika Zanzibar anaanza kurudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta wa jirani na mlango bado haujaenea.

Sasa hapo kwenye mlango ndo penye hesabu ambayo ningependa kila mtu aijue, maana ni ndogo mno na haisemwi dukani. Chukua 36, gawanya kwa milimita za lenzi ukiwa umeshazizidisha kama nilivyosema, kisha zidisha kwa umbali wako na kitu unachopiga, kwa mita. Unachopata ni mita ngapi zinaenea kwenye upande mrefu wa picha. Basi.

Twende Mji Mkongwe, uchochoroni. Umesimama mbele ya mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba, nyuma yako ukuta, una kama mita mbili tu za kujinafasi. Unaishika kamera wima. Lenzi ya 24 kwa kipimo cha fulufremu, 36 gawanya kwa 24 ni moja na nusu, mara mbili ni mita tatu, kwa hiyo mlango mzima unaingia na ile nakshi ya kizingiti cha juu inaingia, na bado una kajinafasi ka kunyoosha picha baadae. Lenzi ya 29, ambayo ndo 18 kwenye Canon ndogo, inakupa karibu mita mbili na nusu, mlango unaingia ila kizingiti kinabana. Ile 24-105 kwenye bodi ndogo, 38 kwa hesabu yetu, inakupa mita 1.9 hivi, yaani umepata mtu mrefu na nusu ya mlango. Huo mtaa huwezi kuusogeza. Lamu ni hivyo hivyo, Mji wa Kale Mombasa hivyo hivyo, na ndani ya nyumba za udongo za bibi huko bara ni zaidi ya hapo. Ndo maana nasema upana kwanza, ukikosa urefu unaweza kukata picha nyumbani ukapata kitu cha kupost, ukikosa upana hakuna programu itakayokurudishia kizingiti ambacho hukukipiga.

Kuna atakayesema nitapiga picha pana kwa simu. Ni kweli, simu nyingi za sasa zina kamera pana sana ya pili na mchana inafanya kazi safi, na kama una simu ya hivyo unaweza kulegeza kidogo kwenye upana wa lenzi. Ila jioni ile kamera pana ya simu ndo ya kwanza kutoa chenga, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Haya, hesabu hiyo hiyo tuipeleke Serengeti. Simba amelala chini ya mti, mita 50 kutoka barabarani, na gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata. Ukiwa na 105 kwenye fulufremu, 36 gawanya kwa 105 mara 50 ni kama mita 17, simba mwenye mwili wa mita mbili hivi anakuwa kidoti kwenye nyasi. Ukiwa na 200 ni mita 9, anaonekana ni simba ila picha ni ya mti. Ukiwa na 300 kwenye bodi ndogo ya 1.5, yaani 450, fremu ni mita 4, sasa ndo amejaa. Hapo utaelewa kwanini lenzi ya 18-135 ambayo inatosha nchi nzima haitoshi mbugani, na utaelewa pia kwamba kutoka 135 kwenda 200 haikusaidii sana kama mnyama yupo mbali, ni pesa nyingi kwa mabadiliko madogo. Faru wa Ngorongoro mara nyingi utamuona kwa darubini ya mwongozo, ukiwa na 450 bado atakuwa mdogo. Tembo wa Tarangire kwa upande mwingine wanapita ubavuni mwa gari mpaka unatamani lenzi pana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza lenzi gani uliza safari yako ina siku ngapi za mbuga. Kama ni siku mbili kati ya kumi, sioni sababu ya kubeba lenzi dhaifu siku nane kwa ajili ya hizo mbili. Nunua lenzi ya siku nane, ya mbuga kodi, Nairobi wanaokodisha wapo na Arusha ulizia kabla hujafika, au azima kwa rafiki 70-300 yoyote. Kama safari yote ni mbuga basi mjadala umebadilika, chukua ndefu na ukubali milango ipigwe kwa simu.

Njia nyingine ya kujijua, na hii haikugharimu hata shilingi. Fungua picha zako za mwaka uliopita kwenye kompyuta, zile unazozipenda tu, bofya kulia kwenye faili uangalie taarifa zake, utaona mstari unaotaja milimita zilizotumika. Pitia kama mia hivi. Ukikuta nyingi zipo 18 basi wewe ni mtu wa upana na kila siku ulikuwa unataka kwenda chini zaidi. Ukikuta zimerundikana 55, mwisho wa lenzi yako, wewe unatafuta nyuso na vitu vya mbali, 18-135 itakufurahisha. Ukikuta zimejaa kati ya 24 na 40, lenzi ndefu itakuwa mzigo tu na bora upeleke pesa kwenye mwanga. Mtu anaweza kukudanganya ila picha zako mwenyewe haziwezi.

Mwanga sasa. Ile namba ya f iliyoandikwa usoni kwa lenzi, mfano f/3.5-5.6 au f/4 au f/2.8, inakwambia tundu linafunguka kiasi gani, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Kutoka f/5.6 mpaka f/2.8 mwanga ni mara nne. Kwa nini liwe jambo kubwa kwetu, kwa sababu huku karibu na ikweta jua halichelewi, likizama giza linaingia ndani ya dakika ishirini na kitu, hatuna zile jioni ndefu za Ulaya za masaa mawili ya mwanga laini. Na maisha ya pwani yanaanza jua likishazama. Chukua Forodhani ya Zanzibar, wauzaji wamewasha taa, moshi wa mishkaki unapanda, mzee anakamua miwa, watu wanatembea. Ukitaka mtu anayetembea asitoke na ukungu unahitaji shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kama 1/125 ya sekunde. Tuseme lenzi ya f/2.8 inakuruhusu kufanya hivyo kwa ISO 3200 (ISO ni jinsi kamera inavyokuza mwanga, ikipanda chenga zinaongezeka). Lenzi ya f/5.6 mahali pale pale, shata ile ile, inakudai ISO 12800, na kwenye kamera ndogo ya miaka iliyopita hiyo ni chenga tupu, sura ya mtu inakuwa kama imepakwa mchanga.

Na lazima uelewe hizi lenzi zenye namba mbili, f/3.5-5.6 maana yake f/3.5 ni ukiwa upande mpana tu, ukivuta mwanga unashuka, tena unashuka mapema kuliko watu wanavyodhani, hausubiri mwisho. Zile za urefu mkubwa kama 18-300 au 24-240 zinafika f/6.3. Mchana wa Paje kwenye mchanga mweupe huwezi kuona tofauti hata kidogo. Saa kumi na mbili na nusu jioni utaiona.

Wengine watakwambia usijali lenzi ina kituliza mtikisiko, zile herufi IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, VC kwa Tamron. Kituliza mtikisiko ni kizuri na mimi nakitaka kwenye lenzi ya safari, kinakuwezesha kupiga jengo au chombo kilichotia nanga kwa shata ya taratibu bila miguu mitatu. Lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Tundu kubwa linasaidia vyote viwili. Angalia pia bodi yako, maana Canon R50 na R10, Nikon Z50 na Sony a6400 hazina kituliza ndani ya bodi, zinategemea lenzi, na kuna lenzi nzuri tu zisizo nacho, Sigma 18-50 f/2.8 haina, Tamron 28-200 haina. Ukiunganisha bodi isiyo nacho na lenzi isiyo nacho bado utapiga picha, ila ujue usishuke sana kwenye shata. Kanuni ya zamani inatosha, moja juu ya milimita zilizozidishwa, yaani ukiwa 135 kwenye bodi ya 1.5 usishuke chini ya 1/200.

Haya twende kwenye majina, najua ndo mnachosubiri.

Kwa bodi ndogo mtu akiniomba jibu moja bila maelezo namwambia familia ya 18-135 mpaka 18-150. Canon EF-S 18-135 kwa zile za kioo (DSLR, zenye kioo ndani), RF-S 18-150 kwa R50 na R10, Nikon 18-140, Sony 18-135, Fujifilm wana 18-135 na pia 16-80 f/4. Ni nyepesi ajabu siku hizi, ile ya Sony ni gramu 325, RF-S 18-150 ni kama 310, Nikon Z DX 18-140 ni 315, yaani unaweza kuzunguka nayo shingoni kutwa nzima Darajani usisikie kitu. Zinaanza na upana wa kutosha, zinafika 200 au zaidi kwa kipimo cha fulufremu (isipokuwa ile 16-80, inaishia 120), na zina kituliza. Udhaifu wao ni huo mwanga wa jioni. Kati ya hizo zote ile Fujifilm 16-80 ndo naipenda zaidi kwa msafiri, inaanza 24 kwa hesabu yetu ya mlango, f/4 haishuki ukivuta, na imezibwa kuzuia vumbi na rasharasha, ila mfuko unapaswa kuwa tayari.

Kama picha zako za mwaka jana zimekwambia wewe ni mtu wa kati na jioni, basi Tamron 17-70 f/2.8 kwa Sony na Fujifilm, ina kituliza, inaanza pana zaidi ya 18, f/2.8 mwanzo mpaka mwisho, uzito gramu 525 hivi. Au Sigma 18-50 f/2.8 ambayo ni kama gramu 290 tu, ndogo mpaka watu hawaamini. Mimi binafsi kwa miji ya pwani, kwa harusi za ndugu, kwa masoko, ningeichukua mojawapo ya hizi mbili kabla ya chochote chenye 300 mwishoni. Unapoteza simba, unapata kila kitu kinachotokea baada ya magharibi.

Wa fulufremu, hapo 24-105 f/4 inastahili sifa zake zote. Canon ya EF ilitoka 2005 ikaenea dunia nzima na mtumba wake upo mwingi, Sony wana ya gramu 663, Nikon Z wana 24-120 f/4 ya gramu 630 ambayo kwa maoni yangu ndo lenzi moja ya kusafiria iliyokamilika kuliko zote kwa mwenye uwezo. Mwenye Sony anayetaka kufika mbugani na lenzi hiyo hiyo moja aangalie Tamron 28-200 f/2.8-5.6, gramu 575, inaanza 28 kwa hiyo milango itambana kidogo lakini upande mpana una f/2.8. Ukumbuke hiyo ni kwa fulufremu, kwenye a6400 inaanza 42 na sikushauri.

Zile za kumaliza kila kitu, Tamron 18-300, Tamron 18-400 ya kamera za kioo, Canon RF 24-240, sizidharau hata kidogo. Kuna mtu anakwenda safari moja maishani, Bagamoyo, Mikumi, Zanzibar, na watoto wawili mkononi, huyu hawezi kubadilisha lenzi na hataki kukosa twiga, kwake hiyo ndo sahihi. Picha zake mwisho wa urefu zitakuwa laini kidogo, f/6.3 itamsumbua asubuhi na jioni, na uzito unafika gramu 600 na 700, hayo akiyajua mapema anafurahia. Kwenye gari la mbuga aombe dereva azime injini, aweke mfuko mdogo wa mchele au maharage kwenye ukingo wa paa, alaze lenzi juu yake, utaona picha zimekaza kiasi cha kushangaza.

Uzito nimeutaja mara nyingi kwa makusudi. Ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida zinakupa kilo 15 kwa mzigo wote pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini. Anayepanda Kilimanjaro mpaka mita 5,895 anahesabu kila gramu, na ile saa sita ya usiku ya kuanza kupanda kileleni na glovu nene mkononi hakuna anayebadilisha lenzi. Lakini hata safari ya kawaida tu, daladala, boti, bajaji, begi mgongoni, jua la Dar, lenzi ya kilo moja inabaki hotelini kuanzia siku ya tatu. Lenzi uliyoiacha hotelini haipigi picha.

Sababu kubwa zaidi ya kutaka lenzi moja ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba barabara za mbuga ni unga mtupu, na ukifungua kamera ndani ya gari lenye paa wazi umeikaribisha vumbi kwenye sensa, utaona vidoti vyeusi angani kwenye picha zote zinazofuata. Kwenye dau au mtumbwi ni chumvi, ambayo ni mbaya zaidi maana inakula metali. Lenzi yenye mpira wa kuziba pale inapoungana na bodi inasaidia, angalia kama kuna utepe mwembamba wa mpira kuzunguka kitako cha chuma, ukiwepo ni dalili nzuri. Alafu pwani kuna hili la kutoka chumba chenye AC kwenda nje, kioo kinashika ukungu wote, na watu wanafuta kwa fulana, wanarudia kufuta, wanakikwaruza. Usifute, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu, ukungu hautatokea kabisa.

Filta usisahau kwenye hesabu ya pesa. Kama unapenda bahari utataka filta ya polarizeshoni, ile unayoizungusha na mng'ao juu ya maji unapotea mpaka matumbawe yanaonekana, na bei yake inapanda kwa kipenyo. Lenzi ya kipenyo cha 55 filta yake nzuri ni ya bei ya kawaida, ya 67 inapanda, ya 77 utakuna kichwa. Kipenyo kimeandikwa mbele ya lenzi baada ya ile alama ya duara iliyokatwa mstari. Ila hiyo filta inakula mwanga, ivue jioni.

Kuna jambo la adabu nalo linaingia kwenye kuchagua lenzi. Wapo wanaonunua lenzi ndefu ili wapige watu bila kujulikana, kina mama wa Lamu na mabuibui yao, Wamasai mnadani, wavuvi wanapogawana samaki. Naomba usinunue kwa sababu hiyo. Piga hodi, salimia, kaa kidogo, uliza, ukikataliwa shukuru upite, na ukikubaliwa utapiga ukiwa mita mbili kwa lenzi ya kawaida na picha itakuwa na macho yanayokuangalia. Bandarini, kwenye kambi na penye askari usinyanyue kamera kabisa, na lenzi ndefu ndo inakufanya ushukiwe haraka.

Ukishaamua, hakikisha inaingia kwenye bodi na inafanya kazi yote. Canon EF-S haiingii kwenye Canon ya fulufremu ya kioo. EF na EF-S zinaingia kwenye zile R mpya kwa adapta, vizuri tu. Nikon D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani ya AF-D itaingia ila fokasi utazungusha kwa mkono, wewe tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P, na mwenye D3100 au D5100 akae mbali na AF-P. Lenzi za sensa ndogo ukiziweka kwenye Nikon au Sony ya fulufremu zinakubali lakini kamera inakata picha pembeni, unabaki na megapikseli chini ya nusu.

Mwisho ni kununua mtumba, maana wengi wetu ndo tunakopita, Kariakoo ya Dar, Luthuli ya Nairobi, au kwa mtu binafsi. Nenda na bodi yako, memori kadi na tochi ya simu, na nenda mchana. Winga, yule dalali wa mtaani, akikushika mkono mwambie unataka kuiona lenzi kabla ya bei. Ishike uitikise taratibu sikioni, kisauti kidogo cha kituliza ni kawaida, kitu kinachogonga sio kawaida. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi upande wa nyuma uangalie kwa mbele kwa kuinamisha kidogo. Vumbi vumbi la hapa na pale halina madhara. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni fangasi, na lenzi iliyokaa miaka kabatini pwani inaipata sana, ukiiona rudisha hata kama bei ni ya kutupa, maana kusafisha ni kazi ya fundi mzuri na inaweza kurudi. Angalia skrubu za kitako, zikiwa zimechubuka vichwa ujue imeshafunguliwa. Zungusha zumu mwanzo mpaka mwisho, isikwame mahali, kisha ielekeze chini uone kama inateremka yenyewe, ikiteremka kidogo ni uzee tu, ikidondoka kwa kishindo achana nayo.

Sasa ifunge kwenye bodi. Piga ukuta wa matofali au bango lenye maandishi ukiwa umesimama sambamba nalo, kwa upana, katikati na mwisho wa zumu, kila mahali piga mara mbili, tundu likiwa wazi kabisa na likiwa f/8. Kuza picha kwenye skrini, kona nne ziwe zinafanana, kona moja ikiwa laini kuliko nyingine tatu lenzi imewahi kuanguka. Kwenye f/8 kama kamera inaleta eraa, au picha inatoka na mwanga tofauti kabisa na ile ya kwanza wakati umeacha kamera ijipangie yenyewe, tundu lina matatizo. Bonyeza fokasi kitu cha karibu kisha cha mbali mara kadhaa, isitafute tafute. Ukiridhika andikishana risiti yenye namba ya lenzi ile iliyochongwa kwenye mwili wake, na omba angalau siku chache za kurudisha. Siku hizo zitumie, toka nayo jioni moja mtaani kwako kuanzia saa kumi na moja mpaka giza liingie, na ukifika nyumbani iweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya.